Miaka Minne ya Kusubiri

Mwaka 1958 timu zilizokutana na Chuo Kikuu cha Kansas zilifanya kila ziwezalo ili Wilt Chamberlain asiushike mpira. Zilimzingira kwa watu watatu. Nyingine zilikaa na mpira mikononi bila kurusha, kwa kuwa siku hizo kikapu cha vyuo hakikuwa na saa ya kumlazimisha mtu arushe. Kijana huyo wa Philadelphia, mwenye urefu wa mita 2.16, alichoshwa na mchezo wa namna hiyo, na baada ya mwaka wake wa tatu akaaga chuo. Timu ya nyumbani kwao, Philadelphia Warriors, ilikuwa imeshajiwekea haki ya kumchukua tangu alipokuwa sekondari. Hata hivyo ligi ya NBA ilimfungia mlango. Akaenda kuzunguka dunia na Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho, wakafika hadi Moscow, na mwaka 1959 ndipo akaruhusiwa kuingia. Katika msimu wake wa kwanza aliongoza ligi nzima kwa pointi na kwa ribaundi, akatajwa mchezaji bora wa mwaka. Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba wakati wake bado.

Kilichomzuia kilikuwa kanuni fupi. Mchezaji hakuweza kuchaguliwa wala kusajiliwa na timu ya NBA mpaka ipite miaka minne tangu darasa lake limalize sekondari. Ukiisoma vizuri utaona kwamba haikumtaka asome. Kijana aliyekwenda chuoni na mwenzake aliyebaki mtaani kubeba mizigo walisubiri sawasawa. Haikupima umri, uwezo wala akili. Ilihesabu miaka tu. Wenye ligi walisema wanalinda elimu ya vijana, na huenda wapo waliosema hivyo kwa moyo safi. Lakini hesabu ya biashara ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuiona. Vyuo viliwalea wachezaji, viliwafundisha na kuwatangaza kwa miaka minne bila timu za kulipwa kutoa hata senti moja. Vyuo navyo vilijaza kumbi. Mchezaji alipata karo, kitanda na chakula.

Aliyekuja kuivunja kanuni hiyo alizaliwa tarehe 22 Aprili 1949 huko Silver City, kijiji cha mashamba ya pamba katika jimbo la Mississippi. Baba yake Spencer Haywood alifariki wiki chache kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Eunice, alibaki na watoto kumi na kazi ya kuchuma pamba, na Haywood amesimulia mara nyingi kwamba ujira wake ulikuwa dola 2 kwa siku. Naye aliingia shambani akiwa mdogo, na mikono yake mirefu, ambayo baadaye ingesifiwa kwenye magazeti, ilijifunza kazi kwanza kwenye mistari ya pamba. Mississippi ya wakati huo haikuwa na la kumpa kijana mweusi aliyetaka zaidi ya hapo. Kama maelfu ya watu wa kusini kabla yake, akaelekea kaskazini, kwenye mji wa viwanda vya magari wa Detroit.

Huko alikutana na Will Robinson, kocha wa shule ya sekondari ya Pershing. Robinson hakuwa kocha tu. Alimsimamia kama mwanawe, hata akawa mlezi wake kisheria. Mwaka 1967 Pershing ilitwaa ubingwa wa jimbo la Michigan. Haywood akaenda kwanza Trinidad, mji mdogo wa Colorado, kwenye chuo cha miaka miwili, na huko akafunga wastani wa pointi 28 na kudaka ribaundi 22 kwa kila mchezo.

Kisha ukaja mwaka 1968. Wachezaji weusi kadhaa wa vyuo vikubwa, akiwemo Lew Alcindor, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, waliamua kutokwenda kwenye Olimpiki ya Mexico City. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi Aprili, na wapo waliouliza kwa nini waibebe bendera ya nchi isiyowabeba wao. Marekani ikaenda na kikosi ambacho wengi walikitilia shaka. Haywood alikuwa na miaka 19. Aliongoza timu hiyo kwa pointi, wastani wa 16.1, na akarudi na medali ya dhahabu shingoni. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Detroit, na katika msimu mmoja akafunga wastani wa pointi 32.1 na kuongoza vyuo vyote vya nchi kwa ribaundi.

Alikuwa na matumaini kwamba chuo kingemwajiri Robinson kuwa kocha wake. Kazi hiyo akapewa mtu mwingine. Haywood akatazama pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na miaka miwili zaidi ya kuchezea karo katika timu isiyokuwa na mlezi wake. Upande wa pili kulikuwa na mama yake, ambaye bado alikuwa akiinama kwenye pamba.

Wakati huo NBA haikuwa peke yake. Tangu 1967 kulikuwa na ligi ya pili, ABA, yenye mpira wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, na yenye njaa ya majina makubwa. ABA nayo ilikuwa na kanuni kama ile ya NBA, lakini iliweka mlango wa pembeni kwa mwenye dhiki ya kifamilia. Mwaka 1969 Haywood akapita kwenye mlango huo, akajiunga na Denver Rockets. Yaliyofuata yanashangaza hata leo: pointi 30 na ribaundi 19.5 kwa mchezo, mchezaji chipukizi bora na mchezaji bora wa ligi kwa pamoja, akiwa na umri wa kusoma mwaka wa tatu wa chuo.

Denver wakampa mkataba mpya uliotangazwa kwa fahari kuwa ni wa dola milioni 1.9. Haywood alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, na mtaji wake wote ulikuwa miguu yake. Mkataba ule ulipokuja kusomwa na watu waliojua mambo hayo, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ahadi ya uwekezaji, ya kulipwa atakapokuwa amefikisha miaka 40 na kuendelea. Kilichoandikwa gazetini na kilichoingia mfukoni vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Haywood akasema amedanganywa, akaacha kuichezea timu hiyo.

Hapo ndipo alipotokea Sam Schulman, mmiliki wa Seattle SuperSonics, timu changa ya NBA. Mwishoni mwa Desemba 1970 alimsainisha Haywood mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 1.5. Schulman aliijua kanuni ya ligi yake na akaivunja akiwa macho wazi. Kamishna wa NBA, Walter Kennedy, alikataa kuutambua mkataba. Wamiliki wenzake walimkasirikia Schulman. Denver nao walidai mchezaji ni wao. Haywood na Seattle wakaenda mahakamani Los Angeles, wakidai kwamba timu za NBA zilikuwa zimekula njama ya kumsusia mtu asifanye kazi yake, kinyume na sheria ya Sherman ya mwaka 1890 inayokataza ukiritimba.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Haywood alimaliza sekondari mwaka 1967, kwa hiyo miaka yake minne ingetimia katikati ya mwaka 1971. Alibakiza miezi tu. Angeweza kukaa kimya, akafanya mazoezi, akasubiri drafti, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Lakini kusubiri kungemfanya achaguliwe na timu yoyote ambayo ingepata zamu, kwa bei ambayo ingepangwa bila yeye, na kungeiacha kanuni mahali pake kwa kijana atakayefuata. Wengi waliokuja baada yake wamefaidi miezi ile aliyokataa kuivumilia.

Majira yale ya baridi hayakuwa mepesi. Jaji Warren Ferguson alitoa amri ya muda ya kumruhusu acheze. Mahakama ya rufaa ikaisimamisha. Kulikuwa na siku alizocheza na siku alizokaa kando, kutegemea karatasi ya mwisho iliyotoka mahakamani. Haywood amesimulia jinsi watangazaji katika kumbi za ugenini walivyowaambia watazamaji kwamba uwanjani kuna mchezaji asiye halali, jinsi alivyozomewa na kurushiwa chupa, na jinsi huko Cincinnati alivyotolewa nje ya ukumbi kwenye theluji wakati wenzake wakijiandaa kucheza. Baadhi ya wachezaji wenzake wa NBA hawakumpenda pia. Walikuwa wamekaa chuoni miaka yao minne, na huyu alikuja kuchukua nafasi ambayo wao walifundishwa kuiona kuwa inapatikana kwa kusubiri.

Tarehe 1 Machi 1971 suala lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, mezani kwa Jaji William O. Douglas, aliyesimamia maombi ya dharura kutoka majimbo ya magharibi. Watu husimulia kana kwamba majaji wote tisa waliketi wakaamua haki ya wachezaji wa kikapu. Haikuwa hivyo. Douglas aliandika peke yake, kurasa chache, akairudisha amri ya Jaji Ferguson. Hoja yake ilikuwa ya kibinadamu zaidi kuliko ya kisheria. Kijana huyu, alisema kwa maana, hawezi tena kurudi kucheza chuoni. Akizuiwa NBA pia, mwili wake utapoteza makali, ujuzi utafifia, umma utamsahau, na hakuna fidia itakayomrudishia muda huo. Douglas alikumbusha pia kwamba besiboli ilikuwa na kinga ya pekee dhidi ya sheria za ukiritimba, na kikapu hakikuwa nayo.

Wiki chache baadaye Jaji Ferguson akatoa hukumu yenyewe. Alizitaja sababu za NBA moja baada ya nyingine. Mojawapo ilikuwa kwamba vyuo huandaa wachezaji vizuri zaidi na kwa gharama ndogo kuliko kuendesha timu za kulea vijana. Ligi ilikuwa imelisema hilo bila kificho. Ferguson alikataa. Aliona kwamba kuokoa gharama si sababu ya kuwafungia watu soko la kazi, na kwamba kanuni ile haikumpa mchezaji hata nafasi ndogo ya kusikilizwa. Pande zote zikamaliza kwa mapatano, na Haywood akabaki Seattle. Msimu huo uliokatika vipande vipande alicheza michezo 33.

NBA haikufungua mlango wote. Ilichukua dawa ya ABA: kuanzia 1971 kijana angeweza kuingia mapema kama angethibitisha kwamba familia yake ina dhiki. Septemba mwaka huo kukafanyika drafti ndogo ya pekee kwa ajili yao. Phil Chenier, aliyetoka Chuo Kikuu cha California, alichaguliwa na Baltimore Bullets na baadaye akachaguliwa mara tatu kucheza mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka 1972 Bob McAdoo aliondoka North Carolina kwa njia hiyo hiyo, na kufikia 1975 alikuwa mchezaji bora wa NBA. Mlango ulikuwa umefunguka, lakini ulikuwa mlango wa aibu. Mzazi alitakiwa kuionyesha ligi umaskini wake ili mwanawe aruhusiwe kufanya kazi. Sijui kazi nyingine ya heshima ambayo mtu huombwa cheti cha ufukara kabla ya kupimwa uwezo wake. Mwaka 1976, katika mapatano yaliyomaliza kesi ya Oscar Robertson na wachezaji wenzake dhidi ya ligi, sharti la dhiki likaondolewa. Kuanzia hapo ilitosha kijana kutangaza kwamba anaingia kwenye drafti.

Haywood mwenyewe alikuwa amewaka. Mara mbili, 1972 na 1973, alitajwa katika kikosi cha kwanza cha ligi, na msimu mmoja alifunga wastani wa pointi 29.2. Mwaka 1975, chini ya kocha Bill Russell, Seattle iliingia mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza. Kisha akauzwa New York Knicks, na huko maisha yake yakakutana na Afrika Mashariki. Mwaka huo huo wa 1975 mwanafunzi mmoja Msomali wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Iman, alikuwa amepigwa picha na Peter Beard na kupelekwa New York kuwa mwanamitindo. Walioana mwaka 1977, wakapata binti, wakaachana miaka kumi baadaye. Kufikia wakati huo kokeini ilikuwa imeshamla Haywood. Mwaka 1980, akiwa na Los Angeles Lakers katikati ya fainali za ubingwa, kocha Paul Westhead alimsimamisha. Aliangalia kwa mbali wenzake wakitwaa kombe, wakiongozwa na kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameondoka Michigan State baada ya miaka miwili. Kijana huyo alikuwa Magic Johnson, na njia aliyoingilia NBA ilichongwa na mtu yule aliyesimamishwa. Haywood alipona baadaye, akaacha dawa za kulevya, akaanza kusema.

Miaka ya themanini kuondoka mapema kukawa jambo la kawaida kwa walio bora kabisa. Isiah Thomas aliondoka Indiana baada ya miaka miwili, mwaka 1981, akiwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza shahada, na mwaka 1987 akaimaliza. Michael Jordan aliondoka North Carolina mwaka 1984, baada ya miaka mitatu. Kocha wake, Dean Smith, hakumzuia, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuwaambia wachezaji wake ukweli juu ya thamani yao sokoni. Jordan naye alirudi akamaliza shahada ya jiografia. Julius Erving, aliyeondoka Massachusetts mwaka 1971 kwenda ABA, alipata yake mwaka 1986. Nayataja haya kwa sababu waliotetea kanuni ya miaka minne walisema kijana akitoka ndiyo basi, vitabu vimemponyoka. Vyuo haviondoki mahali vilipo. Goti likivunjika ndilo halina mwaka wa kurudi.

Wapo pia waliofanya kinyume, na sina sababu ya kuwaficha. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 akiwa na ufadhili wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari, akajiunga na Georgetown. Kocha John Thompson alimwingiza kwenye kikapu. Alikaa hadi 1991, akahitimu katika isimu na diplomasia, akachaguliwa wa nne na Denver Nuggets, akacheza miaka 18. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa Kinshasa. Aliposhika shahada alikuwa anakaribia miaka 25. Chuo kilimfaa, na alikaa kwa hiari yake. Hiari hiyo ndiyo kiini cha kesi ya Haywood.

Kulikuwa pia na waliotoka moja kwa moja sekondari. Moses Malone wa Petersburg, Virginia, aliingia ABA mwaka 1974. Mwaka uliofuata NBA ikawachukua Darryl Dawkins na Bill Willoughby. Kisha kukawa kimya karibu miaka ishirini, mpaka 1995, Minnesota ilipomchagua Kevin Garnett wa shule ya Farragut, Chicago. Mwaka mmoja baadaye akaja Kobe Bryant. Mwaka 2001 Kwame Brown akawa wa kwanza kutoka sekondari kuchaguliwa namba moja, na mwaka 2003 akaja LeBron James. Kwame Brown hakuwa alivyotarajiwa, na jina lake likawa hoja ya kila aliyetaka mlango ufungwe tena.

Kamishna David Stern aliufunga nusu mwaka 2005. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji uliweka sharti kwamba anayeingia kwenye drafti awe anatimiza miaka 19 katika mwaka huo, na kwa Mmarekani uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Mtu atauliza kwa nini hakuna Haywood wa pili aliyelipeleka hilo mahakamani. Sheria ilikuwa imebadilika chini ya miguu ya wachezaji. Mwaka 2004 Maurice Clarett, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, aliishtaki ligi ya NFL kwa kanuni ya namna hiyo na akashindwa katika mahakama ya rufaa ya New York. Uamuzi uliandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye leo ni Jaji wa Mahakama ya Juu. Alieleza kwamba sharti la kuingia kazini, kama sehemu ya mahusiano ya ligi na chama cha wafanyakazi, halipimwi kwa sheria ya ukiritimba. Wanachama waliokwisha kuingia wanaweza kukubaliana juu ya mlango wa wale walio nje. Vijana wa miaka 18 hawakuwa na kura katika chama hicho. Jermaine O'Neal, aliyetoka sekondari mwaka 1996, alisema hadharani kwamba rangi ya wanaozuiwa haikuwa bahati mbaya. Alilaumiwa sana kwa kusema hivyo. Besiboli na tenisi, naongeza mimi, zilikuwa zimejaa vijana wa umri ule ule wanaolipwa, na hakuna aliyekesha akihangaikia shahada zao.

Ndipo ukaanza mtindo wa mwaka mmoja chuoni. Mwanafunzi alijiandikisha Agosti, akacheza mpaka Machi, na Aprili akatangaza kuondoka. Vyuo vilipata jina la Kevin Durant kwa miezi michache Texas, na la Zion Williamson Duke. Tarehe 20 Februari 2019, katika mchezo dhidi ya North Carolina, kiatu cha Zion kilipasuka na goti lake likateguka sekunde chache tu baada ya mchezo kuanza. Tiketi za mchezo huo zilikuwa zimeuzwa kwa maelfu ya dola na wachuuzi. Yeye hakuwa na haki ya kulipwa chochote kwa kuucheza.

Hapa ndipo historia hii inapogusa Tanzania. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa na miaka kama 15, akapitia shule ya Makongo, akaenda Marekani kumalizia sekondari Texas, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya Jim Calhoun. Akiwa na urefu wa mita 2.21, mara mbili alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Mwaka 2009 aliifikisha Connecticut nusu fainali ya taifa, halafu akaacha mwaka wake wa nne. Juni 25 mwaka huo Memphis Grizzlies ilimchagua namba mbili, nyuma ya Blake Griffin. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kufika hapo.

Mambo hayakwenda alivyoota. Memphis ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake. Februari 2010 alishushwa ligi ya chini kuchezea Dakota Wizards, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa kabla yake. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City. NBA ikaisha kwake mwaka 2014, akaendelea Japani na Taiwan. Nyumbani nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba aliharakisha, kwamba mwaka mmoja zaidi ungemkomaza. Sikubaliani. Alikuwa ameshafikia kilele cha thamani yake. Namba mbili haina mahali pa kupandia isipokuwa moja, na mshahara wa nafasi hiyo ni wa mamilioni ya dola, yenye uhakika hata akikaa benchi. Mwaka wa nne ungeweza kumpa ujuzi kidogo, na ungeweza kumpa jeraha. Aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 hakuhitaji kuwalipa watu wengine deni la kuchelewa kwake. Wanaompima kwa Curry wanapima drafti nzima kwa mtu mmoja.

Wakongo nao walitafuta njia ya kuuzunguka mwaka ule mmoja. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Texas, mwaka 2014 alikiacha chuo alichokuwa amekiahidi akaenda China kuichezea Guangdong kwa dola milioni 1.2, na mwaka uliofuata akachaguliwa wa saba. Jonathan Kuminga wa Goma hakukanyaga chuo. Mwaka 2020 alijiunga na Ignite, timu ambayo NBA yenyewe iliianzisha ili kuwalipa vijana wanaosubiri. Golden State ikamchukua wa saba mwaka 2021, na mwaka uliofuata alikuwa bingwa akiwa na miaka 19. Ligi iliyowahi kusema kwamba vyuo ni njia nafuu ya kuandaa wachezaji sasa ilikuwa ikiwaandaa kwa fedha zake.

Ignite haikudumu, ikafungwa mwaka 2024, na sababu yake inarudi mahakamani. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Alston, waliiambia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwamba haiko juu ya sheria ya ukiritimba. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, wachezaji wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwaka 2025 mapatano mengine, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken, yakaviruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa kila chuo. Waliojiandikisha mapema kwenye drafti walikuwa 353 mwaka 2021. Mwaka 2025 walikuwa 106. Yaxel Lendeborg, aliyetazamiwa kuchaguliwa raundi ya kwanza mwaka huo, aliliondoa jina lake akaenda kucheza Michigan. Kwa miaka hamsini wakuu wa vyuo walihubiri, wakatunga makatazo na kulalamika kwa NBA ili vijana wakae. Walipoanza kuwalipa, vijana wakakaa.

Haywood aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa kikapu mwaka 2015, miaka 44 baada ya Jaji Douglas kuandika kurasa zake. Ameomba kwa miaka mingi kwamba haki ya kuingia mapema ipewe jina lake rasmi, ili wanaosaini mikataba wakiwa na miaka 19 wajue ilikotoka. Kanuni ya mwaka 2005 bado ipo. Mkataba wa sasa kati ya NBA na chama cha wachezaji, ulioanza 2023, haukuigusa, na kijana anayemaliza sekondari mwaka huu akiwa tayari kwa kazi hiyo atahesabiwa mwaka wake mmoja kama Chamberlain alivyohesabiwa minne.